Tangi la Maji la Stesheni

Gazeti lilifika Jumamosi ndani ya sanduku la msafiri, limeviringwa kwenye soksi lisipate mkunjo. Shemeji yangu anaishi Manchester, na kwa miezi mitatu sikumpa amani: toleo jipya likitoka, shemeji, hata ukikosa cha mchana, ninunulie. Kisa na maana, kwenye kurasa za picha za wasomaji, baina ya stesheni za Uingereza zenye mvua na za Ujerumani zenye theluji, palikuwa na stesheni ya Nairobi. Yangu. Kutoka South B, ghorofa ya nne, maji siku mbili kwa wiki.

Wako watu wazima, wenye kazi na madeni kama wewe, wanaotengeneza treni za mfano. Nairobi tupo wanne ninaowajua. Mimi nilijipa kazi ya kuunda garimoshi la Mount Gelai, lile la mvuke aina ya Garratt, daraja la 59, namba 5918, lililoegeshwa pale Makumbusho ya Reli. Ni mojawapo ya yale 34 yaliyotengenezwa hukohuko Manchester miaka ya 1955 na 1956, yakapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Lenyewe lina tani zaidi ya 250. Langu lina uzito wa kitunguu. Magurudumu niliyatoa kwenye vitreni viwili vya mitumba nilivyookota soko la Toi, mwili ni plastiki ya chupa, stesheni ni boksi la viatu, na makaa niliyojaza nyuma ya injini ni makaa ya jiko niliyoyaponda kwa mchi hadi mama watoto akauliza kama nimeanza kula udongo.

Picha nilipigia kwenye balkoni, maana huko ndiko kuna mwanga. Meza ya kupigia pasi ikawa ardhi, shuka la buluu nikalitundika nyuma likawa mbingu. Nilipiga picha kama arobaini, nikachagua moja kwenye simu ambayo kioo chake kina ufa toka pembe ya juu kulia hadi katikati. Kumbuka huo ufa.

Basi nikaita watu. Wenzangu watatu wa vitreni walikuja. Mzee wa ghorofa ya chini, mstaafu wa reli, akapanda ngazi polepole na fimbo yake. Mama mkwe alikuwa amekuja mjini kliniki ya macho, kwa hiyo alikuwapo, amekaa kochi la dirishani na miwani mipya. Chai ikachemka, mandazi yakawekwa. Nilifungua ukurasa wenyewe kwa vidole viwili kama mtu anayefungua cheti cha ndoa.

Kimya. Halafu mwenzangu wa kwanza, ambaye ni mhasibu na hilo linaonekana, akatoa rula.

"Reli yako ni pana."

Nikamwambia ndiyo reli inayouzwa, milimita 16.5.

"Kipimo chako ni moja kwa 76. Reli ya zamani ni mita moja. Gawa." Akagawa kwenye simu. "Inatakiwa milimita 13 na kidogo. Hii yako ukiirudisha kwenye ukubwa wake inatoka karibu milimita 1,250. Ile ya Mkoloni ni 1,000, hii ya Mchina ni 1,435. Ndugu yangu, wewe umejenga reli ya tatu."

Walicheka hadi mandazi yakawapalia. Mzee wa chini hakucheka. Alikuwa ameliinamia gazeti, pua karibu iguse karatasi.

"Kijana, hiki cheusi hapa nyuma ni nini?"

"Makaa, mzee."

Akavua kofia, akaipangusa, akaivaa tena. "Hamsini na tisa ilikula makaa lini? Mimi nimekuwa mchochea moto wa hiyo mashine kabla sijapewa usukani. Ilikunywa mafuta. Mazito, meusi. Mimi nilikuwa nafungua vali, sikuwahi kushika koleo. Sasa Wazungu wote wanajua nilikuwa nabeba makaa!"

Nilimwomba radhi. Nilimwongezea sukari. Hakuna kosa linalouma kama lile ambalo ungeliepuka kwa kuteremka ngazi nne na kuuliza.

Ndipo mwenzangu wa tatu, kijana mpole ambaye hapendi ugomvi, akaamua kuniokoa. "Lakini jamani, tumsifu mtu. Tazameni hili tangi la maji juu ya stesheni. Ribiti zinaonekana moja moja!"

Sikumbuki kutengeneza tangi. Lakini nilikuwa nimepigwa vya kutosha, na sifa ni sifa. Nikasema, "Kazi ya mikono tu."

"Umetumia bati gani?"

"Bati la kawaida."

"Ila mbona," mzee akasema, "limesimama kwa miguu miwili mifupi mipana hivi?"

Hapo nikalivuta gazeti. Pembe ya juu kulia, palepale panapopita ufa wa simu yangu, upepo ulikuwa umeinua mbingu. Na nyuma ya mbingu, kwenye kamba ya nguo, ikining'inia kwa vibanio viwili, palikuwa na boksa yangu ya kijivu. Ile ya zamani. Ribiti zilikuwa ni uzi mweusi niliouzungusha kwa mkono pale mpira ulipoachia, mshono mmojammoja, umetokeza vizuri ajabu, kwa sababu gazeti hilo huchapishwa kwenye karatasi ya hali ya juu.

Mama watoto aliiona sekunde ileile. Mwanamke mwenye akili: hakusema neno, aliinua birika la chai na kulitua juu ya tangi. Sote tukalitazama birika.

"Sasa mbona mnaniwekea birika kwenye picha ya mwanangu?" mama mkwe akauliza. "Leteni na mimi nione, nina macho mapya."

Nani amnyime? Birika likaondolewa. Akalifuta gazeti kwa pindo la leso, taratibu, akilisogeza karibu na kulirudisha mbali, akijaribu miwani. Nilihesabu vigae vya sakafu. Vipo kumi na nane toka mlangoni hadi kochini. Mhasibu alikuwa ameinama chini ya meza akitafuta rula iliyokuwa mkononi mwake.

"Stesheni ni nzuri, baba," mama mkwe akasema mwishowe, huku akilikunja gazeti na kunirudishia kwa mikono miwili. "Lakini mvua inakuja hapo. Mngeanua kwanza."

Jioni shemeji akapiga simu kutoka Manchester, furaha imemjaa. Hajaitazama picha vizuri, alisema, ila ametafuta maduka mawili na kununua nakala nne zaidi. Moja atampelekea kasisi wa kijijini, na nyingine iko njiani kwenda kwa baba mkwe.