Breki Inapolia: Tuilaumu Pedi au Umbo?

Msuguano tumezoea kuuona kama mtulizaji. Funga kipande cha chuma kwenye springi, kivute, kisha kiache kitelezeteleze juu ya bapa kavu: kila duru upeo wa mtetemo unapungua kwa kiasi kilekile, mpaka kinasimama kabisa. Wahandisi wa tabaini, mashine ambazo mapanga yake huzungushwa na mvuke au gesi, hulitumia jambo hili. Chini ya mapanga huweka vipande vidogo vya chuma vinavyosugua na kunyonya nishati ya mtetemo. Vikibanwa kidogo mno havinyonyi kitu. Vikibanwa kupita kiasi vinaganda, na kisichoteleza hakinyonyi.

Msuguano huohuo ndio unaoipa fidla sauti chini ya uta, na ndio unaoifanya breki ilie kwa masafa yanayozidi hezi 1,000, yaani mitetemo 1,000 kwa sekunde. Hapo ndipo wahandisi wanapogawanyika: nishati ya mlio huo inaingilia wapi?

Jibu la kwanza, na la zamani zaidi, linaelekeza kidole kwenye nyuso zinazogusana. Coulomb, mwanafizikia Mfaransa wa karne ya 18, aliuchukulia msuguano wa mwendo kuwa hautegemei kasi. Kwa jozi nyingi za nyuso si hivyo hasa: kasi ya kuteleza inapoongezeka, msuguano hupungua. Sasa fikiria kile kipande chetu cha chuma kikiwa na springi yake juu ya mkanda unaokwenda. Kikisogea kuelekea uendako mkanda, kasi ya kuteleza inashuka, msuguano unapanda, nacho kinasukumwa zaidi kulekule kinakokwenda. Kikirudi nyuma, msuguano unaokizuia unakuwa umelegea. Kila duru, basi, mkanda unakipa nishati nyingi kuliko unayokinyang'anya. Kwa mwendo wa polepole kitanata, kitachomoka, kitanata tena. Hivyo ndivyo mlango mkavu unavyokwaruza, na watafiti Brace na Byerlee mwaka 1966 walipendekeza kwamba matetemeko mengi ya ardhi yanatokea kwa namna hiyo. Tiba yake iko wazi: badili mchanganyiko wa pedi, kile kipande kinachobana diski ya gurudumu, ili msuguano usishuke kasi inapopanda.

Ni hoja yenye nguvu, na kwa mngurumo wa gari linaloachia breki taratibu naikubali bila shaka. Ila haitoshi. Breki hulia hata pale ambapo msuguano hauonyeshi kushuka kokote.

Jibu la pili linaelekeza kidole kwenye umbo la breki. Mwaka 1961 mtafiti Spurr alionyesha kwamba hata msuguano usiobadilika unaweza kuvuruga uthabiti, yaani kuufanya mtetemo mdogo ukue, ikiwa mpangilio wa vipande unaufanya mguso ujibane wenyewe kisha ujiachie. Waliomfuata walilipanua wazo hilo. Breki ina mitindo mingi ya kutetemeka: mmoja unasukuma pedi kwenye diski, mwingine unaipeleka pembeni. Kani ya msuguano hufuata kani ya mbano, kwa hiyo mtindo wa kwanza unauchochea wa pili. Masafa ya mitindo hiyo yakiwa jirani, msuguano unayavuta hadi yanakutana, na tangu hapo mtetemo mmoja unafifia huku mwenzake ukikua. Kwa mtazamo huu pedi haina kosa la pekee. Tiba ni kuyatenganisha masafa: ongeza unene mahali, punguza chuma mahali pengine.

Mimi nauegemea upande huu wa pili kwa mlio mkali, kwa sababu unaeleza kwa nini pedi ileile hulia kwenye gari moja na kunyamaza kwenye jingine. Unaonya pia juu ya kosa ambalo ni rahisi kulifanya, yaani kudhani kwamba kuongeza kizuia-mtetemo kunasaidia siku zote. Mtaalamu wa mekanika Ziegler alionyesha mwaka 1952 kwamba katika mifumo yenye kani za aina hii kizuia-mtetemo kidogo kinaweza kuuvuruga uthabiti uliokuwepo. Kwenye breki, kuutuliza mtindo mmoja na kuuacha mwenzake kunaweza kuanzisha mlio ambao haukuwepo.

Hata hivyo upande huu nao una deni. Hesabu zake za kompyuta huuliza tu kama mtetemo mdogo kabisa utakua au utafifia. Haziwezi kusema utakua hadi wapi, na mara nyingi hutaja masafa hatari mengi kuliko yanayosikika breki inapojaribiwa. Joto, unyevu na uchakavu hubadili msuguano wenyewe kati ya kufunga breki mara moja na mara nyingine, na hapo mwenye umbo analazimika kurudi kumsikiliza mwenye pedi.