Posa, Kanzu Nyeupe na Rangi Mbichi

Mke wangu ana sheria moja tu kuhusu karakana yangu: ukivaa nyeupe, usiingie. Hakuitunga hivi hivi. Mashati yamezikwa mle ndani.

Karakana yenyewe ni chumba cha uani hapa Kinondoni, hatua sita kwa tano, tunachora Tingatinga mimi na kijana ninayemfundisha. Rangi yetu ni ya mafuta, ya kopo, ndugu yake ile ya baiskeli ambayo Edward Saidi Tingatinga alianza nayo mwaka 1968 akichora juu ya vibao vya dari. Inang'aa mpaka raha, ila kukauka ni shughuli. Ukipaka nene, jioni unagusa bado inanata. Wala huwezi kuiegemeza picha ukutani ikiwa mbichi. Rangi inatiririka, asubuhi unakuta chui ameota ndevu. Kwa hiyo kwetu picha zote hulala chali: mezani, juu ya ndoo, juu ya jokofu bovu, juu ya stuli. Mgeni akija, tunamkaribisha asimame.

Huko kungoja rangi ikauke ndiko kulikozaa mchezo wetu. Tunauita Nani Kammeza Nani. Unachukua kitambaa kidogo kilichowambwa, sentimita 30 kwa 30, mmoja anachora mdudu. Ikikauka, mwenzake anachora kitu kinachommeza yule mdudu, na chini anaandika jina lake. Ikikauka tena, wa kwanza anachora cha kummeza mmezaji, anafuta jina la mwenzake, anaweka lake. Anayekosa cha kuchora ameshindwa, ananunua chai na chapati. Mchezo mmoja unaweza kula mwezi mzima. Mke wangu anauita uvivu. Mimi nasema nusu ya picha nilizouza zilianzia humo, na mbuni mwenye viatu ni shahidi yangu.

Siku ya kisa hiki mchezo ulikuwa umefika pabaya. Nzi kamezwa na kinyonga, kinyonga na kanga, kanga na chui, kisha kijana wangu akaleta chatu aliyejiviringisha na chui wake tumboni, akacheka akijua amenimaliza. Nilikosa usingizi. Asubuhi, kabla ya saa mbili, likanijia: mwanamke wa Kimanyema, mnene, khanga nyekundu, mdomo wazi kama tundu la bomba, anamvuta chatu kwa mkia kama tambi. Nikapaka rangi nene kwa furaha. Chini nikaandika jina langu kwa herufi kubwa. Nikailaza juu ya stuli, nikaenda kuoga.

Maana siku hiyo hiyo tulikuwa tunapeleka posa ya mpwa wangu Tandika, na msemaji ni mimi.

Nikavaa kanzu mpya, kofia, nikajitia manukato. Noah ya kukodi ikachelewa. Mtu mzima amevaa, hana la kufanya, mlango wa karakana uko wazi. Nikakumbuka kwamba yule kasa wangu mkubwa ukutani alikuwa bado hana nukta nyeupe kwenye jicho. Nukta moja tu! Nikakunja mikono ya kanzu, nikaingia kwa ncha za vidole kama mwizi wa kuku. Nukta ikakaa vizuri sana. Nikarudi nyuma kidogo kuitazama, nikasogea tena nyuma, nikakaa.

Nilisikia ubaridi. Nikasema moyoni, leo kuna upepo.

Honi ikalia, nikatoka mbio. Kwenye Noah nikapewa kiti cha mbele, kilichokuwa bado na nailoni yake ya dukani. Kwa hiyo rangi haikupata hewa hata kidogo njia nzima. Ilisafiri mbichi kama samaki kwenye barafu. Nilipokuwa nashuka Tandika, nailoni ilinifuata kidogo kisha ikaniachia. Mwezi wa pili Dar, nikajua ni jasho.

Nikatangulia, kama inavyompasa msemaji. Nyuma yangu shangazi, wazee wawili, na mpwa wetu mmoja mbeba mkoba. Wote wanne walinitazama mgongoni kwa mwendo wa dakika tatu wa uchochoro. Hakuna aliyefungua mdomo.

Tukapokewa. Sebule ya heshima: makochi yamevishwa vitambaa vyeupe vya kufuma kwa mkono, mpaka vya kukalia. Nikakaa. Nikaongea kwa muda wa saa nzima, na niseme ukweli, niliongea vizuri. Nilisema tumeona ua kwenye bustani yenu. Baba mwenye nyumba akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ikafika dua, nikainuka.

Kochi likainuka nami. Siyo lote, kitambaa chake. Nikaomba dua yote mikono juu, nikiwa na mkia.

"Amin," akasema bibi wa binti, kisha kwa sauti ya upole: "Mwanangu, unaondoka na kitambaa chetu?"

Akanijia, akakivuta. Kikatoka kwa mlio wa plasta ya kidonda. Akakinyoosha mbele ya watu. Chatu na chui walikuwa wamekauka zamani, kwa hiyo wao walibaki nyumbani. Kilichochapika ni kile kibichi tu: mwanamke mnene wa khanga nyekundu, mdomo wazi, hamezi chochote, anapiga kelele tu. Kwenye kanzu jina lilikuwa limegeuka kinyume, halisomeki. Kwenye kitambaa lilikuwa limegeuka mara ya pili, limekaa sawasawa. Bibi akalisoma kwa sauti, herufi kwa herufi.

Mama wa binti, ambaye ni mnene na alikuwa amevaa khanga nyekundu, akauliza: "Huyu ni nani?"

Sikuwa na jibu, mimi msemaji.

Garini nikawageukia wenzangu. Shangazi, mbona hukuniambia? "Baba, nilijua ndiyo mtindo wenu wasanii." Mzee mmoja alidhani ni matangazo ya biashara. Mbeba mkoba alisema, "Mjomba, wewe kila siku uko na michezo. Nikaona umefanya makusudi."

Posa haikukataliwa. Majibu yalikuja baada ya wiki mbili kwenye karatasi ya daftari: mkaja wa mama, kilemba cha baba, na chini kabisa, kwa kalamu ya rangi nyingine, vitambaa vya makochi, seti kamili. Mpwa wangu akanikabidhi karatasi akiwa ameweka kidole kwenye mstari ule wa mwisho.

Lakini jioni ile ya posa, niliporudi na kanzu mkononi, nilimkuta kijana wangu amekaa mbele ya picha. Mwanamke alikuwa amevurugika wote, katikati pamebaki doa la mviringo lenye alama za nyuzi. Naye juu ya doa lile ameshachora kanzu nyeupe, tupu, haina mtu, imefumbua shingo, inammeza. Jina lake chini.

"Cha kumeza kanzu hakipo, bosi," akasema. "Chai na chapati."

Nikamwambia anisogezee rangi nyeupe. Nikaanza kuchora kochi.