Mgeni wa meli hapelekwi Kimara

Watu wa Dar tuna ugonjwa wa kamati. Mtu akisema anapita mjini siku moja, na siku yenyewe ni besdei yake, hajamaliza kuongea tumeshafungua kundi la WhatsApp, mwekahazina amepatikana na bei ya ukumbi imeulizwa. Anapita kwa usafiri gani, mwezi gani, hayo hatuulizi.

Shangazi yangu anaishi Uingereza tangu mimi sijazaliwa. Alipostaafu akapanda meli ya kitalii na wenzake, na ratiba ikamleta Dar siku anayotimiza miaka 60, katikati ya Aprili. Meli inafunga gatini saa moja asubuhi, abiria wote wawe wamerudi saa kumi alasiri. Kamati ikachagua ukumbi Kimara, kule ng'ambo ya Jangwani mbali na bandari, MC, na keki ya ghorofa tatu.

Nilipinga tangu mwanzo, na bado napinga. Masika yetu ni Machi hadi Mei, na Aprili ndiyo yenyewe. Mvua ikikesha, Mto Msimbazi unafurika pale Jangwani, barabara inafungwa, na mabasi ya mwendokasi ya Kimara kwenda Kivukoni, mjini karibu na bandari, yanakatika katikati. Kila mkazi wa jiji hili anayajua hayo, ila siku ya sherehe tunajifanya tumehamia juzi. Meli nayo si daladala. Abiria aliyejitembeza mwenyewe akichelewa inang'oa nanga, na atajua mwenyewe namna ya kuifuata bandari inayofuata. Ndiyo maana hata wanaotaka kukimbilia Zanzibar kwa boti wakati meli imetia nanga hapa huwa nawashangaa: karibu saa mbili kwenda, saa mbili kurudi, bahari imechafuka, wanakwenda kuona nini?

Basi mvua ikanyesha usiku kucha, Jangwani ikafungwa, na kamati nzima ikabaki upande wa pili wa maji na keki yao. Aliyekuwa mjini ni mimi na binamu wawili, tukampokea Shangazi nje ya geti la bandari.

"Shikamoo Shangazi. Pole na mvua."

"Marahaba. Pole ya nini? Kwani mvua ya kwetu huko huwa inakatika?"

Tulianza Azania Front, lile kanisa la vigae vyekundu ambalo Wajerumani walilimaliza mwaka 1902. Aliimba kwaya pale akiwa msichana. Alikaa benchi la nyuma na hakutaka kupigwa picha, jambo ambalo kwenye ukumbi wa Kimara lisingewezekana kabisa. Kisha taksi hadi Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Siku ya mvua pale ni pazuri kuliko siku ya jua, maana huna haraka ya kwenda popote. Mbele ya habari za Zinjanthropus, lile fuvu alilolipata Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959, akasoma kwamba lina umri wa miaka kama milioni 1.75. "Kumbe mimi bado mwali," akasema, na mlinzi akacheka kabla yetu.

Binamu zangu walikuja na chupa kubwa za maji kwenye begi, kwa sababu besdei bila kumwagiwa maji kwetu ni kama hukuzaliwa. Mvua ikawawahi. Pale Kivukoni upepo uligeuza mwamvuli wa Shangazi, akautupa pembeni, akasimama kuelekea Kigamboni akilowa mpaka viatu. "Nimeshamwagiwa, msihangaike." Walimmwagia hata hivyo. Mila ni mila.

Chakula tulikula Feri, soko la samaki, chini ya paa la bati, changu wa kukaanga aliyeuzwa asubuhi ileile mnadani, ugali, ndimu, na bakuli la supu ya pweza lililozunguka mezani. Ukitaka kumpa nyumbani mtu aliyekaa ughaibuni miaka yote hiyo, mpe kitu asichoweza kukinunua kule. Keki ya ghorofa tatu ipo kila mji duniani. Ya kwetu, kwa taarifa yenu, iliishia Magomeni. Wanakamati waliila ndani ya gari kwenye foleni, na mwekahazina hajaweka wazi ilibaki ngapi.

Saa tisa Shangazi alikuwa getini tena, hana wasiwasi, harufu ya samaki mikononi. Baba mdogo mpaka leo ananilaumu kwamba nilimdhalilisha dada yake, mtu mzima wa miaka 60 kulishwa kwenye sahani ya plastiki siku yake kubwa. Dada mwenyewe aliomba aongezewe kachumbari.