Benchi chini ya mti au chumba chenye mlango

Mwaka 2005 mgonjwa mmoja wa Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili nchini Zimbabwe, alijitoa uhai baada ya kukosa nauli ya basi, kiasi cha dola 15, ya kumfikisha hospitalini kwa daktari wake mjini Harare. Mwaka uliofuata Chibanda alitafuta namna ya kuisogeza huduma karibu na watu katika kitongoji cha Mbare, lakini kliniki ya hapo haikuwa na chumba cha kumpa wala muuguzi wa kumwazima. Alichopata ni bibi 14 wa mtaani waliokuwa wahudumu wa afya ya jamii, pamoja na uwanja wa nje. Likawekwa benchi la mbao, bibi akaketi na mgeni wake, wakazungumza.

Benchi hilo sasa limekuwa hoja kuu ya wanaosema kwamba uponyaji wa akili unahitaji mahali pa kijamii zaidi ya jengo la hospitali. Hoja yao ina uzito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliowahusisha watu 573 katika kliniki 24 za Harare, ulionesha kwamba baada ya miezi sita waliobaki na dalili za sonona walikuwa karibu asilimia 14 miongoni mwa walioketi na bibi, na karibu asilimia 50 miongoni mwa waliopata huduma ya kawaida iliyoongezewa nguvu. Mpango wenyewe umeshavuka mipaka ya Zimbabwe na kufika Malawi na Zanzibar.

Hata hivyo, anayesoma takwimu hizo na kukimbilia kwa seremala amesoma nusu ya habari. Hapo mwanzo benchi liliitwa la afya ya akili, na bibi ndio waliomwambia daktari kwamba kwa jina hilo hakuna atakayelisogelea. Likaitwa Chigaro Chekupanamazano, kwa Kishona kiti cha kupeana mashauri. Maradhi nayo yaliitwa kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, jambo ambalo sisi hulieleza kwa maneno mawili tu, kwamba fulani "ana mawazo", na hakuna anayemkimbia mtu mwenye mawazo. Nyuma ya benchi kulikuwa na mafunzo, dodoso la maswali 14 la kupima dalili, hadi vikao sita vya kutafuta ufumbuzi wa tatizo moja moja, wasimamizi wa kuwaunga mkono hao bibi, na kikundi cha kujiunga nacho baadaye. Wakati wa Kombe la Dunia la mwaka 2022 yaliwekwa mabenchi 32 nchini Qatar, moja kwa kila timu, kwa heshima ya wazo hilo. Ilikuwa kampeni nzuri ya uhamasishaji, lakini yale yalikuwa tangazo, na la Mbare ni huduma.

Kwetu hoja hii huja na jibu lililo tayari, kwamba sisi tuna baraza. Katika Mji Mkongwe wa Unguja au Lamu, baraza za mawe zimejengwa pamoja na ukuta wa nyumba, na alasiri wanaume hukaa hapo na kahawa na bao bila mtu kumuuliza mwenzake amefuata nini. Kuketi mahali pasipohitaji sababu ni tiba ya upweke, na si jambo dogo. Lakini baraza lina masikio. Mzee anaweza kuzungumzia siasa na mpira hadi adhana ya magharibi, asiweze kutamka kwamba hajalala wiki tatu, kwa sababu neno hilo litafika nyumbani kabla yake. Isitoshe, baraza ni la wanaume. Ukiwatafuta wanawake utawakuta uani, kwenye kikao cha kikoba, au saluni, ambako anayesukwa rasta hukaa saa nne huku msusi amesimama nyuma yake, na pengine maneno huwatoka kwa wepesi kwa sababu hawatazamani machoni. Benchi nalo huwakalisha wawili ubavu kwa ubavu, wote wakiutazama uwanja uleule, bila meza katikati.

Wanaotetea chumba chenye mlango wana hoja wasiyopaswa kunyang'anywa, nayo ni siri. Aliyebakwa hawezi kuhadithia yaliyompata mahali ambapo muuza karanga anapita, wala hawezi anayetishwa na mumewe. Ila mlango hufunga sauti tu. Nakumbuka zahanati moja iliyokuwa na chumba kilichoandikwa "Ushauri Nasaha" kwa herufi kubwa nyekundu, na mbele yake foleni ndefu ya wagonjwa wanaosubiri daktari, wote wameelekea mlango huo. Ndani kulikuwa na faragha kamili. Shida ilikuwa hatua kumi za kuufikia mlango, kwa maana kila aliyeingia alisindikizwa na macho, na alipotoka alikuwa ameshapewa ugonjwa.

Majina ya majengo nayo yana historia ya namna hiyo. Mirembe ya Dodoma, Mathari ya Nairobi na Kidongo Chekundu ya Unguja ni hospitali zinazotibu watu, na bado majina yao hutumika mitaani kama matusi. Tanzania ilijaribu njia nyingine kwa kuanzisha vijiji vya kilimo vya wagonjwa wa akili, kama Hombolo kule Dodoma na Vikuruti jijini Dar es Salaam, ambako mgonjwa hulima na kuishi maisha yanayokaribia ya kawaida. Ulikuwa mpango wa utu kuliko wodi iliyofungwa, lakini kijiji cha wagonjwa ni kijiji cha wagonjwa, na anayerudi kwao kutoka huko bado ana safari ya pili ya kukubaliwa.

Hofu inayonisumbua zaidi ni ya bajeti. Benchi ni rahisi, na kilicho rahisi hupendwa na mwenye mamlaka. Bibi hawezi kumtibu mwenye skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili, anayehitaji dawa kila mwezi, na mpango wa Harare wenyewe humpeleka mbele mtu mwenye dalili kali au fikra za kujiua. Benchi lisilo na muuguzi na dawa nyuma yake humtua mzigo aliyepaswa kuubeba na kumtwisha mama mzee, mara nyingi kwa posho isiyotosha hata nauli.

Kwa hiyo naegemea upande wa benchi, kwa sharti kwamba likae ndani ya uwanja wa zahanati na si pekee sokoni, na kwamba fedha ambazo zingejenga jengo jipya zimlipe anayeketi na anayemsimamia. Masika ikija, mwembe hautoshi. Liezekwe banda la makuti lisilo na maandishi yoyote, mbali kidogo na foleni ili sauti isifike, kando ya mahali ambapo kina mama hupimia watoto uzito, ili anayeonekana akielekea huko aweze kudhaniwa amefuata mizani.