Msamaha wa Ada ni Mshahara, na Mfagizi wa Chuo Ana Haki Nao

Vyuo vikuu vingi vya Marekani huwasamehe wafanyakazi wao ada, yote au sehemu yake, wanapotaka kusoma wenyewe au kusomesha wenzi wao wa ndoa na watoto. Msamaha huo huzungumzwa kana kwamba ni hisani ya chuo, nami ninauhesabu kuwa mshahara, kwa sababu mtu hukubali kulipwa kidogo mwaka hadi mwaka akijua kwamba mwanawe akimaliza sekondari mlango wa chuo utakuwa wazi. Katika vyuo binafsi ambako ada ya mwaka mmoja imekwisha kupita dola 60,000, msamaha wa miaka minne unaweza kuzidi akiba yote ambayo mlinzi au mpishi angeweza kujiwekea maishani.

Sheria ya kodi inautambua utaratibu huu. Kifungu cha 117(d), kilichoingizwa mwaka 1984, hakitozi kodi punguzo la ada ya shahada ya kwanza kwa mfanyakazi, mwenzi wake na watoto wanaomtegemea, na kinawanyima wakubwa wenye mishahara minono nafuu hiyo ya kodi iwapo mpango wa chuo umewapendelea wao kuliko wengine. Novemba 2017 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada ambao ungekifuta, wanafunzi wa uzamili, ambao wakifundisha au kusaidia utafiti chuoni nao hukingwa nacho, wakaandamana, na sheria iliyotiwa saini Desemba ikakiacha kama kilivyokuwa.

Hata hivyo, kinga hiyo dhidi ya upendeleo haimfikii mtu asiyehesabiwa kuwa mfanyakazi wa chuo, na hapo ndipo dhuluma ilipojificha. Vyuo vingi vimekabidhi usafi, jikoni na ulinzi kwa makampuni ya nje, hivyo mama anayefagia kumbi za mihadhara usiku huvaa kitambulisho chenye jina la chuo, lakini hati yake ya mshahara ina jina la kampuni. Profesa ambaye mama huyo humsafishia ofisi husomesha watoto kwa msamaha wa ada. Mama mwenyewe, akienda kuuliza, huelekezwa kwa mwajiri wake, ambaye hana chuo. Msamaha ule umeondolewa kwa yule ambaye ungembadilishia maisha ya kizazi kizima, wala hakuna aliyelazimika kutangaza kwamba umefutwa.

Kazi hizi tunazifanya wengi tuliotoka Kenya, Tanzania na Kongo, kwa hiyo ninawasihi ndugu zangu waulize kabla ya kutia saini: mwajiri wangu ni nani hasa, nitasubiri muda gani kabla ya kustahili, na je, mfanyakazi wa muda usio kamili naye amo? Mwanao akitaka chuo kingine, uliza kama chuo chako kimo katika The Tuition Exchange, mtandao ulioanzishwa mwaka 1954, ambao huwawezesha watoto wa wafanyakazi kuomba ufadhili katika vyuo wanachama, ingawa nafasi ni za kushindania.

Anayetaka kusoma uzamili akiwa kazini naye ajihadhari. Kwa kawaida, nafuu ya kodi kwake huishia dola 5,250 kwa mwaka, kiwango kilichowekwa mwaka 1986, na kinachozidi hapo huhesabiwa kuwa kipato, kwa hiyo mtu aliyesamehewa ada ya dola 15,000 hukatwa kodi juu ya dola 9,750 ambazo hakuzishika mkononi. Mwenzi wake wa ndoa akisoma uzamili kwa msamaha huohuo, hata hizo 5,250 hazimo.

Ninachokidai kwa vyuo kinawezekana. Mikataba na makampuni ya usafi, chakula na ulinzi ina kikomo, na chuo ndicho kinachoweka masharti kila inapohuishwa. Chuo kiwarudishe wafanyakazi hawa katika orodha yake ya mishahara. Na kama hakiko tayari, kiandike katika mkataba mpya kwamba kitatenga fedha za ada kwa watoto wa kila aliyehudumu humo kwa muda uleule anaotakiwa kuusubiri karani au mhadhiri.