Mjusi wa Tendaguru Alivyorudi Dukani Kwangu

Hapana, siku ile ya Mjusi wa Tendaguru sikukimbia kwa kupitia dirishani. Dirisha la duka langu lina nondo, na hata lisingekuwa na nondo, mwili wangu mnaujua. Shoga yangu anayekaanga samaki hapo jirani ameshatuma sauti kwenye kila kundi la mji huu kwamba nilipitia dirishani, mpaka binamu yangu wa Masasi kanipigia jana usiku anacheka, hata salamu hajatoa. Kwa hiyo naandika ukweli wenyewe. Kwa bahati mbaya ukweli wenyewe unaaibisha kuliko wa shoga.

Wateja wangu mnajua hali. Duka la vitabu hapa Lindi linaishi kwa madaftari, kutoa kopi na kalamu za bluu. Riwaya nachukua mali kauli kutoka Dar, na nyingine zinakaa shelfuni mpaka hewa ya bahari inakunja majalada. Ndiyo nikaanzisha Jumamosi za kusoma. Watoto hawakusumbua, maana kuna mkeka na kuna karanga. Wakubwa ndio kazi. Mtu mzima anasimama mlangoni, "kopi bei gani?", anatoa cheti chake cha kuzaliwa, anapigiwa kopi, huyo. Nikajiuliza ni kitu gani mtu wa Lindi hawezi kukipita bila kusimama.

Mjusi wa Tendaguru, nini kingine? Ndiye yule dinosaria mkubwa, mifupa yake ilichimbwa kule Mipingo, kwenye kilima cha Tendaguru, kuanzia 1909 hadi 1913. Wajerumani waliongoza, babu zetu wakachimba, kisha wakaibeba kichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu hadi bandarini hapahapa, ikapakiwa melini. Leo amesimamishwa Berlin, kimo zaidi ya mita 13, watu wanakata tiketi kumwona. Sisi tumebaki na ubishi wa kijiweni: arudishwe au tulipwe. Nikasema basi, Jumamosi saa kumi jioni tutasoma habari zake, halafu tubishane tukiwa tumekaa.

Mimi na watoto tukatengeneza mfupa. Mmoja tu, wa mkono wa mbele, kwa kipimo chake halisi: mita 2 na sentimita 13. Maboksi ya madaftari, magazeti, gundi ya unga wa ngano niliyoipika mwenyewe. Ulipokauka tukaupaka rangi. Nikausimamisha juu ya kreti la soda ili walio nyuma waone, nikaufunika kwa shuka langu la kitandani lenye mawaridi, nikafunga kamba juu lisiteleze. Hiyo kamba ikumbukeni.

Sasa tangazo. Nilimwandikia kijana wa bajaji ya matangazo karatasi nzima: usomaji na mjadala kuhusu historia ya mjusi wa Tendaguru, pamoja na mfano wa mfupa wake, wote mnakaribishwa. Akaisoma, akaniambia, "Dada, hii ndefu, watu hawasikilizi." Nikamwambia apunguze kidogo. Kidogo! Akazunguka Mtanda, Mikumbi mpaka Ndoro na spika lake: "Mjusi wa Tendaguru amerudi! Leo saa kumi, duka la vitabu! Kiingilio bure! Njooni mjionee kwa macho yenu!"

Mimi nipo ndani napanga viti, redio iko juu, sina habari.

Saa tisa na nusu watu wakaanza kujaa. Jamani, nilifurahi. Nikamwomba shoga mabenchi yake, akaleta, na yeye mwenyewe akabaki. Saa kumi kasorobo hapapitiki. Muuza ming'oko kaweka sinia lake mlangoni. Mama mmoja kavuka na pantoni kutoka Kitunda na wajukuu zake watatu. Bwana mifugo naye huyo, na mabuti yake, kanivuta pembeni: "Dada, huyu mnyama ana kibali cha kusafirishwa?"

Nikacheka. Nikaona huo ni utani wa watu waliosoma. Nikamjibu, "Anacho tangu enzi za Mjerumani." Akaandika kwenye daftari lake.

Mwenye akili zake angeshtuka hapo. Mimi nilikuwa nahesabu vichwa na kuvigeuza riwaya.

"Mwanangu, tunakufa humu ndani," yule mama wa Kitunda akasema, "washa hilo pangaboi." Nikawasha. Nikaweka namba 5, kwa heshima ya wageni.

Sasa twende taratibu, maana hapa shoga kapita mbio kwenye sauti yake.

Nimesimama kando ya mfupa. Mbele yangu mzee mwenye baraghashia, fimbo kaiweka katikati ya magoti. Nyuma yake watu wamebanana, vijana wamepanda juu ya mabenchi, simu zote ziko hewani. Kimya. Najiona waziri anayezindua daraja. Nasema, "Ndugu zangu, baada ya miaka zaidi ya mia moja..." (hii nilishaifanyia mazoezi mbele ya kioo, msinicheke) "...mjusi wetu huyu hapa!" Nashika pindo la shuka, navuta kwa mbwembwe.

Shuka haliji. Kamba.

Navuta tena. Upepo wa pangaboi unaingia kwa chini, shuka linatuna. Kwa wale waliokaa mbele, kitu kinachompita mtu kimo kimevuta pumzi. Mjukuu mmoja wa Kitunda anasema, wala si kwa sauti kubwa, "Bibi, anahema."

Namwona mzee anahamisha fimbo, sasa kaishika kwa mikono miwili. Nafungua mdomo niseme ni boksi tu hili, lakini pindo linaniponyoka, linapanda, linagusa panga la pangaboi, na pangaboi linalipokea. Shuka linaanza kujiviringisha. Kamba inakaza. Na mfupa wangu unainuka kutoka kwenye kreti. Unainuka, wadau! Unazunguka nusu duara umevaa mawaridi, unapita juu ya baraghashia ya mzee, unarudi. Nyuma kabisa mwanaume mzima, ana duka la simenti, jina namhifadhia, anapiga ukelele: "AMEAMKAAA!"

Duka langu lina mlango mmoja.

Wa kwanza kutoka alikuwa bwana mifugo, aliyekuja kumkagua mnyama. Ming'oko ilitapakaa barabarani. Pangaboi likaguna, mfupa ukakatika vipande viwili, kipande cha juu kikaniangukia mimi, na gazeti lote la michezo likanifunika uso. Na mimi mwenye duka, niliyekata yale maboksi kwa mkono wangu, niliyepika ile gundi kwenye sufuria yangu, nikaingia chini ya meza ya mashine ya kopi nikapiga shahada. Kwa sauti. Shoga aliporudi alikuta ndala zangu karibu na dirisha, akatunga mengine yote.

Yaliyofuata ni mafupi. Umeme nikazima. Mama wa Kitunda alidai nauli ya pantoni, nikalipa. Muuza ming'oko nikamlipa. Kijana wa bajaji mpaka leo hapokei simu. Shuka limekufa.

Mzee wa baraghashia hakuwa ameondoka kwenye kiti. Akainama akanichungulia chini ya meza. "Binti, si ulisema utasoma? Toka huko usome."

Nikatoka, na gazeti kichwani, nikasoma. Waliobaki walikuwa wachache, na watoto, ambao walikuwa wamecheka mpaka wanalia. Nilipofika kwa Boheti bin Amrani, aliyekuwa msimamizi mkuu wa wachimbaji kule Tendaguru, mzee akanisimamisha nirudie jina. Nikarudia. Akauliza mbona watoto hawalijui, mimi nikakosa jibu. Ubishi ukaanza hapo, na watu waliokimbia wakarudi mmoja mmoja kusikiliza mlangoni. Mmoja akasema arudishwe mwaka huuhuu. Shoga, huyuhuyu wa sauti, akauliza nyumba ya kumweka mnyama wa mita 13 tutaijenga kwa korosho za nani. Ukapita ukimya kidogo, halafu kutoka nje, nyuma ya watu, ikasikika sauti niliyoitambua mara moja:

"Simenti nitatoa mimi."

Tulifunga saa mbili usiku. Bwana simenti akanunua riwaya, bila hata kuulizia bei. Nadhani alikuwa ananinunulia ukimya, na mnaona wenyewe nilivyoitunza siri yake.

Jumamosi hii tunasoma hadithi za sungura na fisi. Tangazo nimeandika mwenyewe kwa chaki, kwenye ubao hapo mlangoni. Bwana mifugo alipita asubuhi, akasimama kulisoma, akatoa daftari lake.