Ati pete ni orijino? Uliza sehemu gani

Kuna swali nimechoka kuulizwa tangu nianze kuvaa hii pete, "hiyo ni orijino ama feki?", na si ati ni swali la umbea, ni vile nimekaa miezi miwili nikitafuta jibu nikapata majibu matatu, yote ni ya ukweli, na hakuna hata moja inatosha peke yake.

Wacha nianzie soko la Toi, hapa Nairobi. Kuna jamaa pale huuza mikoba ya mitumba, na kando ya mikoba ana mkebe wa biskuti amejaza vitu vinavyopatikana ndani ya mabelo, saa zimekufa, hereni moja moja, vifungo vya koti. Mimi ni mtu wa kuchimba mikebe. Nikatoa pete nyeusi kwa uchafu na jiwe la kijani, na hiyo kijani haikuwa ya chupa ya soda, ilikuwa ya majani ya mgomba mvua ikishanyesha. Akasema elfu moja, nikasema mia tano, tukaachana na mia nane.

Nyumbani nikaiosha na mswaki na sabuni kidogo, maji ya uvuguvugu, na ndani kukatokea alama: nanga ndogo, herufi, halafu 15 na .625.

Kosa langu la kwanza ni kuweka picha kwa grupu ya familia. Shangazi akasema pulizia pumzi, ukungu ukiisha haraka ni orijino. Binamu akasema choma na laita. Mwingine akasema kwaruza kioo cha dirisha. Sasa hiyo ya pumzi watu wanaitumianga kwa almasi, juu almasi hupitisha joto haraka sana, kwa jiwe la kijani haikuambii kitu. Hiyo ya laita ni ya kuharibiana, kama ingekuwa zumaridi ya ukweli, zumaridi nyingi zina nyufa za kuzaliwa nazo na hutiwa mafuta kuzificha, ukichoma umejitengenezea hasara na mikono yako. Ya dirisha ndiyo nilijaribu (usinicheke), kioo kikakwaruzika, jiwe likabaki safi, nikashangilia jikoni peke yangu. Weka hiyo akilini, nitairudia.

Nikaingia duka moja la town. Kijana wa kaunta akaangalia namba, akacheka. Dhahabu ni 375, 585, 750, akaniambia, hii 625 haipo duniani, hii ni feki. Halafu pumzi hiyo hiyo akasema anaweza kunisaidia na mia tano. Mimi si mjanja sana lakini mtu akikuambia kitu ni takataka na bado anataka kukinunua, unarudisha kwa mfuko unasema asante.

Jirani yangu ndiye alinielekeza kwa sonara mmoja mzee, ghorofani karibu na Biashara Street, unapanda ngazi ya giza mpaka unaanza kujuta. Mzee aliangalia kwa ile lenzi yake ndogo ya kukuza mara 10, akasugua pete kwa jiwe jeusi, akadondosha asidi, akatikisa kichwa ile ya kukubali. Akaniambia hiyo nanga ni alama ya Birmingham, Uingereza. Na 625 ni karati 15, yaani sehemu 625 za dhahabu safi kwa kila 1,000, kiwango ambacho Waingereza walikiacha mwaka wa 1932. Kijana wa duka alikuwa hajawahi kuiona juu haitengenezwi tena, na hicho kitu alikiita ushahidi wa ufeki ndicho kilikuwa cheti chake cha kuzaliwa! Hakuna haja hata ya kuanza kusoma ile herufi ya mwaka, ukiona 15 na .625 na nanga, unajua pete ilipigwa muhuri mwaka wa 1932 ama kabla.

Nikamuuliza, na jiwe mzee?

"Muhuri haijui jiwe, mama," akasema. "Muhuri ni ya dhahabu tu."

Hapo ndipo mimi nilikuwa nimelala, na naona wengi tumelala hapo. Tunaona namba ndani ya pete tunadhani imeapa kwa niaba ya kila kitu kiko juu yake. Wapi. Pete ya karati 18 inaweza kubeba kipande cha chupa bila aibu yoyote, na wauzaji wengine wanajua hivyo vizuri sana, wanakuonyesha namba kwa haraka, wanakusaidia hata na tochi ya simu, ndio usiulize la pili.

Nikapeleka kwa broka wa mawe, jamaa wa Voi huja Nairobi mara kwa mara. Ana kale kamashine ka kupima vile mwanga unapinda ndani ya jiwe. Akalaza uso wa jiwe hapo, akasoma, akaniangalia. "Dada, hii ni ganeti." Sasa ukisema ganeti ya kijani mbele ya mtu wa Taita Taveta umesema tsavoraiti, na tsavoraiti safi si pesa ya mchezo. Niseme tu ukweli, usiku huo nilishalipa rent ya mwaka mzima kichwani.

Lakini tarehe zikaninyima usingizi. Tsavoraiti ilipatikana kwanza Tanzania mwaka wa 1967, aliyeipata ni Campbell Bridges, yule mwanajiolojia aliyekuja kuuawa huko karibu na Voi mwaka wa 2009, halafu akaifuata mpaka upande wetu. Jina lenyewe, la Tsavo, lilitolewa na Tiffany, ile kampuni ya vito ya Marekani, mwaka wa 1974. Pete ya 1932 ama kabla imetoa wapi jiwe la 1967? Nikarudi kupanda ile ngazi ya giza. Mzee akasema inawezekana, mawe hung'oka, watu hubadilisha, pete ni ya bibi na jiwe ni la mjukuu. Halafu akanyamaza kidogo, akachukua karatasi nyeupe, akageuza pete akailaza kifudifudi, jiwe likiangalia karatasi, akavuta taa karibu.

Kukatokea duara jekundu. Jembamba kama uzi, limezunguka ukingo wa jiwe la kijani.

Kumbe zamani Ulaya, enzi za Malkia Victoria na miaka kadhaa baadaye, walikuwa wanachukua kaganeti kekundu kembamba sana, wanakashikanisha na kioo cha rangi kwa moto, bila gundi, halafu wanakata kama jiwe moja. Kofia ni ganeti, mwili ni kioo. Ukiangalia kutoka juu hiyo nyekundu huioni juu ni nyembamba mno, unaona rangi ya kioo tu. Walitaka ule mng'ao na ule ugumu, kwa sababu kioo kitupu huchakaa haraka. Na sasa rudi kwa dirisha langu la jikoni: kilichokwaruza ni kofia. Mashine ya broka ilisoma kofia. Hata zile takataka ndogo nilizoona ndani ya jiwe na lenzi, nikajiambia hii imetoka ardhini, zilikuwa za kofia, na zilitoka ardhini kweli. Kila kipimo kilisema ukweli juu ya kile kipande kilichogusa.

Kwa hivyo mimi siku hizi mtu akiniuliza orijino ama feki namrudishia swali, nini, dhahabu, jiwe, ama umri? Dhahabu ndiyo. Umri ndiyo, na hata ujanja wenyewe ni wa kale. Jiwe, robo ndiyo. Na ukienda kununua pete ya zamani usikubali muuzaji akujibu yote kwa neno moja, beba karatasi nyeupe kwa mkoba, haina gharama, ingawa haitashika kila uongo, inashika huu mmoja tu.

Jumamosi nilirudi Toi kwa sababu mia nane ilikuwa inanikera, dhahabu peke yake ni zaidi ya hapo mbali sana. Jamaa akaniona kidoleni.

"Siz, kumbe ilikuwa orijino?"

Nikamweleza yote, nanga, 1932, kioo, kofia. Akasikiliza huku akipanga mikoba.

"Na hiyo kofia, ni ya ukweli?"

"Kofia ni ya ukweli."

"Basi ungeniongeza hata mia mbili ya kofia."

Nikamuongeza elfu mbili, nikaanza kuchimba mkebe.